Nikisogea ndege wanaruka, na wakigombana mmoja anatoka ukungu: nikosee wapi tena?

"Nina kamera ya sensa ndogo (APS-C) na lenzi ya milimita 150–600. Tangu Novemba nimekuwa nikienda Mida Creek, Watamu, kupiga picha za ndege wa matopeni, hasa wale weupe na weusi wanaokula kaa. Sitaki picha ya ndege amesimama tu. Nataka wakigombana, wakinyang'anyana chakula, mama akimlisha mtoto. Lakini nikifika kama mita 40 kundi zima linaruka. Nikibahatika kupata ugomvi, ndege mmoja ametoka safi na mwenzake ni ukungu, au bawa limekatwa pembeni. Weupe wao unaungua, na mchana picha zote ni kama zimepigwa kupitia maji yanayotokota. Rafiki mmoja anasema ninunue lenzi ya 800, mwingine anasema nipige makofi waruke ndipo nipige. Nifuate lipi?"

Usifuate hata moja. Umetaja shida nyingi, lakini karibu zote zina mizizi miwili: unawaendea ndege badala ya kuyaacha maji yawalete, na unavuta lenzi kupita kiasi. Hilo la pili ni jepesi, tulimalize kwanza.

Ukiwa umeivuta lenzi yako hadi 600 kwenye sensa ndogo, na ndege yuko mita 15, fremu yako yote inachukua upana wa sentimita 59 hivi. Mla kaa unayemsema (Dromas ardeola) ana urefu wa sentimita 40 kwa makadirio, na akifungua mabawa anafika karibu sentimita 75. Maana yake ndege mmoja aliyekunjua mabawa haingii kwenye fremu, sembuse wawili wanaopigana. Bawa lililokatwa halikutokana na mkono wako kuchelewa; hapakuwa na nafasi tangu mwanzo. Lenzi ya 800 ingeongeza ugonjwa.

Ukungu wa ndege wa pili nao una hesabu yake. Kwa 600, uwazi wa f/6.3 (uwazi ni tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), mita 15, kina cha eneo linalotoka safi ni sentimita 16 tu, mbele na nyuma vikijumlishwa. Hiyo ni pungufu ya nusu ya urefu wa ndege mmoja. Rudisha lenzi hadi 400 na ufunge uwazi hadi f/8: kina kinafika sentimita 45, na upana wa fremu sentimita 88. Kwa 300 na f/8 unapata karibu sentimita 80 za kina na zaidi ya mita moja ya upana. Utakata picha pembeni baadaye kwenye kompyuta, na utapoteza pikseli kiasi, ila utakuwa na tukio zima. Kwa ndege mmoja aliyetulia, vuta hadi 600 upendavyo. Kwa ugomvi kaa kati ya 300 na 450, na uwazi kati ya f/8 na f/11.

Kasi ya shata: ndege anayetembea anaridhika na 1/800. Mapigano na unyang'anyi vinataka 1/2000 kwa uchache, kwa sababu mdomo unaodona husogea kwa kasi sana. Vitwitwi wadogo (wale ndege wadogo wa matopeni) wakiruka, panda hadi 1/3200. Kwa fokasi tumia ile endelevu, yenye kundi dogo la pointi katikati, na punguza wepesi wa kamera kuhamia kitu kipya. La sivyo tone la maji au mkoko wa nyuma utaiba fokasi. Kama kamera yako inatambua jicho, itakuwa inarukaruka kutoka ndege huyu hadi yule ugomvi ukianza. Ikifanya hivyo, zima kipengele hicho na ushikilie ndege anayekutazama. Na usiminye kitufe moja kwa moja kama mtu wa bunduki. Ukipiga faili ghafi (RAW), hifadhi ya muda ya kamera nyingi hujaa ndani ya sekunde chache, na kilele cha ugomvi mara nyingi huja hapo kamera inapokwama. Piga tatu nne, achia, piga tena.

Sasa maji, ambayo ndiyo kazi yenyewe.

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Kutokana na mpangilio huo, bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida) la Mombasa na Malindi lina saa zake: karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa karibu saa nne. Wakati wa maji mafu (siku za kati, maji yanapopanda na kushuka kidogo tu) mambo hugeuka, maji hujaa karibu saa nne na hupwa karibu saa kumi. Wavuvi na wanawake wanaookota chaza hawahitaji jedwali kujua hili, lakini wewe chukua jedwali la maji la bandari ya Kilindini, Mombasa, hakikisha limeandikwa kwa saa za Afrika Mashariki, kisha ongeza muda kidogo. Mida ni hori lenye mlango mwembamba, kwa hiyo ndani maji huchelewa kuliko baharini. Kiasi cha kuchelewa kipime mwenyewe kwa kuchomeka kijiti ufukweni siku moja.

Kwa nini jambo hili lina uzito kuliko lenzi? Maji yakipwa kabisa, matope ya Mida ni mapana mno na ndege wametawanyika, kila mmoja na eneo lake, mamia ya mita kutoka kwako. Hapo ndipo watu wengi huanza kutembea kuwafuata. Maji yakijaa, matope yote hufunikwa na ndege hubanwa kwenye vijisehemu vichache vikavu kando ya mikoko, ambako hulala wakingoja. Matukio yako kati ya hali hizo mbili, na hasa pale maji yanapoanza kutoka. Ndege wamekaa saa mbili tatu bila kula, matope yanafunguka kwa ukanda mwembamba, na wote wanataka ukanda huohuo kwa wakati mmoja. Ugomvi mwingi utauona katika saa hiyo moja. Baadaye ukanda unapanuka, kila mtu anapata nafasi yake na amani inarudi.

Unganisha hilo na jua. Siku mbili kabla ya mwezi mpevu au mwandamo, maji yatajaa kama saa nane u nusu mchana. Ifikapo saa kumi na moja jioni yameshatoka vya kutosha, ndege wana njaa, na jua limelala. Siku za bamvua lenyewe, asubuhi ndiyo yako: maji yalijaa saa kumi alfajiri, jua linachomoza baada ya saa kumi na mbili, na ukanda wa kwanza wa matope unafunguka mbele yako. Panga safari zako kwa siku hizo, nyingine kaa nyumbani uhariri picha. Wiki ya maji mafu haistahili nauli, kwa maoni yangu, labda uwe unaishi Watamu.

Uwe umekaa kabla yao. Kwa asubuhi hiyo ya bamvua, fika kungali giza. Kwa jioni, fika saa nzima kabla matope hayajaanza kuonekana. Ndege wanaorudi kula wakikukuta umeshakaa chini, bila kusimama na bila kunyoosha mikono, wengi watakupita kwa mita 15 au 20, wengine karibu zaidi. Kinachowatisha zaidi ni umbo la binadamu aliyesimama dhidi ya anga, na mwendo wa kuwaelekea moja kwa moja. Rangi ya nguo haina uzito huo. Fulana nyeupe inayomulika uiache, lakini huna haja ya magwanda ya jeshi. Laza kamera chini kabisa, lenzi ikiwa sentimita 15 juu ya matope. Wengine hubeba vifaa vya bei kubwa kwa kazi hii. Sinia ya bati yenye ukingo, mfuko wa mchele ukiwekwa ndani yake kama mto wa lenzi, huteleza juu ya matope vizuri kabisa. Chini ya tumbo tandika turubai. Kwa kukaa chini hivyo, nyuma ya ndege inakuwa mbali na laini, na macho yao yanakuwa usawa mmoja na yako.

Wakikaribia, soma shingo zao. Hatua ya kwanza ya wasiwasi ni kuacha kula na kuinua kichwa. Ya pili ni kutembea polepole kuondoka, wakijifanya hawajakuona. Ya tatu mmoja anaita na wengine wanageuka pamoja. Baada ya hapo wanainama mbele, wanainua mabawa, na wameondoka. Kwenye hatua ya kwanza, ganda. Kwenye ya pili, rudi nyuma. Wewe kwa mita 40 umekuwa ukifika hatua ya nne bila kuziona tatu za mwanzo.

Kujua nani atagombana na nani ni nusu ya picha. Wala kaa ni wa kijamii, na kinachowafanya wa pekee ni malezi. Huzaliana kaskazini, kwenye mashimo wanayochimba mchangani kando ya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na bahari ya Uarabuni, yai moja jeupe kwa shimo.  Mtoto husafiri na mzazi, na huendelea kulishwa miezi kadhaa baada ya kufika huku kwetu, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wa matopeni. Mtafute mwenye rangi ya kijivu pale mkubwa alipo na mweusi uliokolea. Anatembea nyuma ya mkubwa, anajikunyata na kulia mfululizo. Usimwangalie mtoto, mwangalie mkubwa: akishika kaa na kuanza kumgonga badala ya kummeza, kidole kiwe tayari, maana ama atampa mtoto ama mwingine atakuja kunyang'anya. Na usiandike "mama" chini ya picha. Dume na jike wanafanana, kwa macho hutajua ni yupi.

Sululu, yule mkubwa wa kahawia mwenye mdomo uliopinda chini, hushika kaa na kumtikisa hadi miguu na magando yang'oke, wakati mwingine humsuuza majini kwanza. Sekunde hizo za kutikisa ndizo shakwe huzitumia kushambulia. Ukimwona shakwe wa Hemprich (Ichthyaetus hemprichii) amesimama karibu na ndege wanaokula, naye hali chochote, usimdharau. Anangoja wengine wafanye kazi. Kunguru wa India pia wana tabia hiyo.

Kuna kitwitwi wa kijivu, mnene, mwenye macho makubwa meusi, Pluvialis squatarola. Huyu hulinda eneo lake la matope kama shamba lenye hatimiliki. Wawili wakikutana mpakani hawapigani mara moja. Hutembea sambamba, wamejiinamia, kila mmoja upande wake wa mstari usioonekana, wanafika mwisho na kurudi. Ukikaa ubavuni mwa mstari huo, mmoja atakuwa nyuma ya mwenzake na utarudi kwenye shida yako ya ukungu. Kaa mwishoni mwa mstari. Watakujia bega kwa bega, wote wawili umbali mmoja kutoka kwenye lenzi. Na kwa kuwa hurudi mpaka uleule, ukiukosa leo utaupata tena.

Upepo wengi huusahau. Ndege hutua na kuruka wakiukabili upepo, na hata wakipumzika hugeuzia nyuso huko. Msimu wa wageni wetu, Septemba hadi Aprili, sehemu kubwa ni kaskazi, nao unavuma kutoka kaskazini-mashariki. Asubuhi jua liko mashariki: ukilipa mgongo, upepo nao unatoka nyuma yako, na ndege wanatua wakikutazama usoni. Jioni mambo si mazuri hivyo. Ukilipa jua mgongo unatazama mashariki, na ndege wanaotua watakuonyesha mikia. Kwa hiyo picha za kutua na kuruka zipange asubuhi. Jioni ifanye ya ugomvi, ulishaji na kuoga, ambako ndege hugeuka pande zote bila kujali upepo.

Kuhusu weupe unaoungua. Kamera ikipima mwanga yenyewe hutaka kila kitu kiwe cha wastani. Ndege mweupe akipita mbele ya mikoko myeusi, kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na weupe unakuwa karatasi tupu isiyo na unyoya hata mmoja. Akipita mbele ya maji yanayong'aa inafanya kinyume. Lakini mwanga unaomwangukia ndege haujabadilika hata kidogo! Weka mwenyewe kwa mkono: jua kali bila wingu, 1/2000, f/8, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) 400. Jioni jua likilala panda taratibu hadi 800, 1600. Piga picha moja ya majaribio ya ndege mweupe, washa onyo la sehemu zilizoungua, shusha ISO hatua moja moja hadi onyo litoweke kifuani mwake. Weusi wa mgongo utauinua baadaye kwenye faili ghafi. Weupe uliopotea haurudi. Wingu likifunika jua, pima upya.

Huko "kutokota" kwa mchana hakutibiki na kifaa chochote. Matope na mchanga vikipata moto, hewa iliyo juu yake inakuwa na tabaka za joto tofauti, kila tabaka inapinda mwanga kivyake, na zote zinachemka kwa pamoja. Kadiri ndege alivyo mbali, ndivyo mwanga unavyopita hewa nyingi zaidi ya namna hiyo. Tripodi haisaidii, wala 800. Dawa ni umbali mfupi, asubuhi na jioni, au kupiga juu ya maji badala ya matope makavu. Kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kwa ndege walio zaidi ya mita 20, funga begi. Pia, ukitoka chumba chenye kiyoyozi, acha begi limefungwa nje kwa nusu saa au zaidi kabla ya kulifungua, vinginevyo lenzi itatoa jasho.

Makofi. Ndege aliyetishwa anaruka akikimbia ulikotoka, kwa hiyo unapata mikia na migongo, picha ambayo kila mtu anayo. Gharama wanailipa wao. Wakati maji yamejaa hawana pa kwenda, na mwezi wa Machi na Aprili wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya maelfu ya kilomita. Baadhi ya vitwitwi hao wanarudi hadi Siberia. Kila mruko ni mafuta yaliyochomwa. Ukitaka kundi angani, ngoja: mwewe atapita au maji yatawasukuma, na wataruka wenyewe. Sauti za ndege kwenye simu na mabaki ya samaki kwa shakwe, achana navyo pia. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na hata ukiwa nacho usiipeleke juu ya ndege waliopumzika.

Ukiwa kwenye mchanga mkavu, mdomo wa mto Sabaki kwa mfano, ukamwona kitwitwi mdogo (Anarhynchus marginatus, zamani Charadrius marginatus) akijikokota kama aliyevunjika bawa, anakuvuta mbali na mayai. Huwa ameyafukia nusu mchangani. Rudi kwa njia uliyojia, ukitazama kila unapokanyaga, na usipige picha ya kiota. Jua la saa sita linaweza kuua yai mzazi akiwa mbali.

Chumvi: usibadilishe lenzi ufukweni. Ukifika nyumbani futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya bomba na kukamuliwa, kisha kikavu. Kioo cha mbele kipulize kwanza ndipo ukifute, maana punje ya mchanga chini ya kitambaa inakwaruza. Kamera ikitumbukia maji ya bahari, toa betri, usijaribu kuiwasha, na umpelekee fundi siku hiyohiyo. Kuizika kwenye mchele hakuondoi chumvi, na chumvi ndiyo inayokula saketi.

Fundi mwone pia kama, baada ya haya yote, ndege aliyesimama tuli mita 15 bado anatoka ukungu. Jaribu kwanza hivi: gazeti ukutani, kamera juu ya tripodi, picha kumi kwa fokasi ya kawaida, ukitazama kwenye kitundu cha kamera, na kumi kwa fokasi ya skrini ya nyuma. Za pili zikiwa kali kuliko za kwanza, lenzi na kamera havipatani na vinahitaji kurekebishwa.

Na kwa matope yenyewe, usiende peke yako mara za kwanza. Mida ina mifereji inayojaa nyuma yako ukiwa umelala unatazama mbele, na kuna matope yanayoshika hadi magotini. Waongozaji wa kijijini wanajua wapi pa kupita na wapi ndege hulala bamvua likiwa kubwa. Lipa ada yao na ya daraja la mbao, na uliza ofisi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori Kenya (KWS) Watamu kuhusu vibali kama picha ni za biashara. Ukipata ndege mwenye pete mguuni, piga picha ya pete ikiwa wazi, rangi zote na mguu upi, uipeleke kitengo cha ndege cha Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi. Ukikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja, usiwashike. Mwite afisa wa mifugo au KWS.